Somo la Majilio: Wale Saba na Meza Zetu za Sikukuu

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7



Kalenda ya Kanisa letu ina jambo moja ambalo wengi wetu hatuliangalii. Tarehe 25 Desemba twaadhimisha Kuzaliwa kwa Bwana wetu. Na kesho yake tu, kabla masufuria hayajakauka, Kanisa limetuwekea siku ya Mtakatifu Stefano. Tukisikia jina hilo twakumbuka mawe, na ni haki, maana ndiye wa kwanza aliyeuawa kwa ajili ya kumshuhudia Kristo. Lakini kabla ya mawe palikuwa na meza. Stefano alichaguliwa asimamie chakula cha wajane. Basi katika majuma haya ya Majilio, wakati tunapoulizana nani atapika, nani atapamba kanisa na nani atachota maji, tumeona vema kujifunza habari ya Stefano na wenzake sita. Tafadhali someni kwanza sura yenyewe, kisha mrudi hapa.

Habari ni fupi. Kanisa la Yerusalemu limekua upesi. Kila siku chakula hugawanywa kwa wasio na kitu. Hapo yanatokea manung'uniko: Wakristo wenye kusema Kiyunani wanalalamika juu ya Waebrania kwamba wajane wao wanapitwa. Tuangalie vizuri, maana Mtakatifu Luka hasemi kwamba mtu aliiba, wala hasemi kwamba mtu aliwachukia wajane hao. Walisahauliwa tu. Katika Kanisa lililojaa Roho Mtakatifu, lenye Mitume wenyewe, bibi mzee aliweza kulala na njaa bila mtu yeyote kumkusudia mabaya.

Ilikuwaje? Wafasiri wengi hueleza hivi. Wayahudi waliokaa nchi za mbali, ambao lugha yao ilikuwa Kiyunani, walipenda kurudi Yerusalemu uzeeni ili wafe na kuzikwa katika mji mtakatifu. Mume akifariki, mke hubaki peke yake, hana kaka wala shangazi wala jirani wa lugha yake. Wagawaji nao walikuwa wenyeji. Kila mmoja aliijua nyumba ya mama yake mdogo na ya rafiki wa mama yake mdogo. Mwenye kugawa bila orodha humpa kwanza anayemjua, na wakati wa kumfikia asiyemjua chungu kimekwisha.

Wajane wa namna hiyo tunao. Yupo mama aliyeletwa hapa na mume mtumishi wa serikali kutoka mkoa mwingine. Mume alistaafu, akafariki, watoto wako mijini, naye amebaki na nyumba na lafudhi ambayo bado watu huicheka kisimani. Yupo mzee aliyekuwa akija kanisani kila Jumapili mpaka miguu ilipokataa, na kwa kuwa hatumwoni tena, twadhani amehamia kwa binti yake. Watu wa Masasi tusingepaswa kulisahau jambo hili kirahisi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipofika hapa kutoka Unguja, aliongozana na watu waliokombolewa utumwani. Watu wale walikuwa wametengwa na koo zao; ukoo wao mpya ulikuwa Kanisa. Mtaa wa Kikristo katika nchi hii ulianza kama nyumba ya wasio na ndugu.

Sasa tutazame Mitume walifanya nini, maana hapa ndipo penye mafundisho mengi. Hawakusema kwamba manung'uniko ni dhambi. Hawakuwaambia wajane wawe na subira. Wala hawakuahidi kwamba wao wenyewe watajitahidi zaidi, jambo ambalo viongozi hupenda kuahidi. Waliita mkutano wa waamini wote, wakataja hesabu ya watu wanaohitajiwa, wakataja na sifa zao, kisha wakawaachia waamini kuchagua. Watu saba, wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Ndiyo kusema kugawa chakula kwahitaji Roho Mtakatifu, na kwahitaji pia akili ya kuhesabu.

Someni majina ya hao saba katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani, wala huyo wa mwisho hakuzaliwa Myahudi. Alikuwa mwongofu kutoka Antiokia. Kwa hiyo yaelekea kwamba Kanisa liliutoa ufunguo wa ghala na kuutia mikononi mwa upande ule ule uliolalamika! Sisi kwa kawaida hufanya kinyume. Mtu akisema kwamba mwaka jana watu wa ng'ambo ya mto hawakupata chakula, twamwona mchochezi, na kamati ya mwaka huu huchaguliwa bila yeye. Kumbe huyo ndiye ajuaye nyumba zilizopitwa. Huyo ndiye wa kupewa daftari.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani upesi katika Kiswahili. Katika Kiyunani, Luka atumia neno moja, diakonia, kwa ule ugawaji wa chakula (mstari wa 1) na kwa kazi ya Mitume ya kuhubiri (mstari wa 4). Yote mawili ni huduma. Kazi ziligawanywa kwa sababu mtu mmoja hawezi zote, wala si kwa sababu moja ni takatifu na nyingine ni ya jikoni. Luka hawaiti hao saba mashemasi, lakini tangu zamani Kanisa limeona katika habari yao mfano wa ushemasi. Nao waliwekewa mikono mbele ya watu wote. Sisi humbariki kwa sala msomaji mpya wa masomo, na ni vema, mama anayeamka saa tisa usiku kuwasha kuni humwambia tu, "Mama, chumvi imezidi."

Tukifika kwa akina mama, hatuna budi kusema wazi. Katika mitaa mingi Krismasi ya waumini wote hutegemea wanawake kumi au kumi na wawili, na ni wale wale mwaka hata mwaka. Wakati Injili ya Kuzaliwa inasomwa, wao wako nyuma ya kanisa wakikuna nazi. Wamesikia kengele, hawakusikia neno. Wapo waliomaliza miaka mingi hivyo, na tunapowasifu kwa kujitoa twajisaidia sisi wenyewe kutobadili kitu. Mitume walikataa kuliacha Neno kwa ajili ya meza. Basi tusiwalazimishe wanachama wa Umoja wa Akina Mama kulipoteza Neno kila mwaka kwa ajili ya meza yetu.

Dawa yake ni zamu. Ibada zetu za sikukuu ni mbili, ya mkesha na ya asubuhi. Anayepika asubuhi ahudhurie mkesha na kupokea Sakramenti, kisha alale, asipewe kazi nyingine usiku ule. Anayeosha vyombo awe amesali asubuhi. Kuosha vyombo na kuchota maji kwaweza kabisa kuwa kazi ya wanaume, na tunao. Tena mwezi wa Desemba shule zimefungwa. Vijana wa sekondari na wa vyuo wako nyumbani, wengi wakilala mpaka jua liwe juu. Tuliofundisha vijana miaka mingi twajua kwamba kijana hukataa kazi anayosukumiwa jioni ile ile, lakini akiandikwa jina wiki tatu kabla, na kazi ikawa na mwanzo na mwisho, hufika kabla ya wazee. Wengine waingizwe katika mchezo wa Kuzaliwa pamoja na watoto. Ila mwaka huu tuombe wachungaji wa kondoo waongezeke, maana malaika huwa wengi mno. Kila mama ataka mwanawe avae nyeupe.

Kuhusu chakula chenyewe, hesabu ifanywe mapema. Kilo moja ya mchele hutosha watu wazima sita hivi, kwa hiyo watu 300 wahitaji kilo 50. Wali usipikwe usiku ili uliwe mchana. Wali uliopikwa ukikaa vuguvugu saa nyingi huotesha vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yake haitoki hata tukiupasha moto tena. Watu huharisha na kutapika, halafu twasema mgeni ana jicho baya. Upikwe alfajiri, upakuliwe ungali moto.

Na kabla foleni haijafunguliwa, chakula cha wasiofika kitengwe kwanza. Jambo hili twalisisitiza kuliko yote. Katika Nehemia 8:10, siku watu walipoambiwa waende wakale na kunywa kwa furaha, waliambiwa pia wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu. Kama tukingoja watu wote wale ndipo tutafute cha kupeleka kwa mgonjwa, tutampelekea ukoko na mfupa. Hotpoti zijazwe za kwanza, kila moja iandikwe jina, na vijana wawili wawili wapeleke, kwa miguu au kwa bodaboda. Waagizwe kuketi. Bibi akipewa sahani mlangoni, mletaji akaondoka mbio, amepata chakula ila sikukuu haijamfikia. Waulize pia kama ana kisukari au shinikizo la damu, ili tusimpelekee soda tatu kwa upendo.

Kadhalika wagonjwa wanaotaka kupokea Sakramenti nyumbani. Padre hawezi kuyaota majina yao, na asubuhi ya sikukuu ana makanisa ya vijijini ya kuzungukia. Majina yamfikie katika Majilio.

Neno dogo juu ya tarehe 28 Desemba, siku ya Watoto Wasio na Hatia waliouawa na Herode. Katika kila mtaa yupo mama aliyezika mtoto mwaka huo. Huenda hatakuja kwenye ngoma za Krismasi, na asishurutishwe. Mama wawili watu wazima wamwendee siku hiyo, bila hotuba.

Sasa twafika penye ugumu. Huduma ile ya Yerusalemu ilikuwa ya kila siku. Yetu ni ya siku moja. Desemba baadhi yetu wana fedha ya korosho, mifuko imetuna kidogo, na kila mtu apenda kutoa mbele ya watu. Lakini mvua ndiyo kwanza zimeanza. Mahindi na mtama viko ardhini. Mjane asiye na mikorosho, ambaye mikono yake haiwezi jembe, haoni njaa tarehe 25 Desemba. Siku hiyo hata majirani Waislamu humpelekea kitu, Mungu awabariki. Njaa humpata Februari, akiba ya mwaka jana inapokwisha na mazao mapya hayajaiva. Wakati huo kamati ya sikukuu imekwisha kuvunjwa, na daftari la michango limefungiwa matumizi ya nyuma.

Kwa hiyo twapendekeza jambo ambalo labda halitapendeza wote. Katika mchango wa Krismasi wa mwaka huu, fungu moja katika matatu lisipikwe. Linunuliwe mahindi sasa, kabla bei haijapanda, yakaushwe vizuri na kutiwa katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyaharibu, na yawekwe kwa mtu ambaye waumini wamemchagua. Mgawo wa kwanza ufanywe juma la kwanza la Februari, baada ya siku ya Bwana Kutolewa Hekaluni, ambayo ni tarehe 2. Anayesimamia na anayeandika wawe watu wawili tofauti, na mmoja wao atoke upande uliolalamika mwaka uliopita. Tunajua nyama itapungua sahanini. Pengine ng'ombe wawili watakuwa mmoja. Katika mstari wa 7 Luka asema kwamba baada ya jambo la meza kutengenezwa, Neno likazidi kuenea na wanafunzi wakaongezeka sana, hata makuhani wengi wakaamini. Hasemi kama walishiba.

Jumuiya zitakapokutana nyumbani juma hili, zisome Matendo 6:1–7 na kuulizana mambo matatu. Katika kijiji chetu, ni nyumba gani ambayo hakuna aliyeingia tangu Pasaka? Ni nani ambaye hajasali ibada ya Krismasi miaka mitatu mfululizo kwa sababu ya kazi zetu? Na mtu wa mwisho aliyelalamika juu ya mgawo, tulimjibu nini?

Majibu ya swali la kwanza yaandikwe majina. Kuanzia Jumapili ya pili ya Majilio daftari litakuwa juu ya meza karibu na mlango wa sakristia, pamoja na kalamu iliyofungwa kamba. Kurasa za mbele ni za wanaojitolea, na kila mmoja aandike kazi na saa anayoiweza. Kurasa za nyuma ni za watu wa kutembelewa. Asiyeweza kuandika amwambie mwalimu wa Shule ya Jumapili, naye atamwandikia.