Daftari la Wateja ni Mali Yako: Namna ya Kuchagua Programu ya Kusimamia Wateja

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Biashara nyingi ndogo huhifadhi kumbukumbu za wateja mahali patatu: katika daftari la kaunta, katika simu ya mhudumu, na katika kichwa cha mwenye biashara. Siku mhudumu anapoacha kazi, namba za wateja huondoka naye. Siku daftari linapolowa, madeni husahaulika. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wengi hushawishika kununua programu ya kompyuta au ya simu inayokusanya kumbukumbu hizo mahali pamoja: mteja ni nani, ameagiza nini, amelipa kiasi gani, na lini apigiwe simu.

Programu hizo zina manufaa ya kweli. Hata hivyo, nyingi haziuzwi, bali hukodishwa kwa ada ya kila mwezi au mwaka, na kumbukumbu hukaa katika kompyuta za kampuni inayotoa huduma. Katika somo hili tunataka mfanyabiashara akumbuke jambo moja: programu ni ya kukodi, lakini daftari la wateja ni mali yake. Asikubali kuingia katika nyumba ya kupanga kabla hajauonyeshwa mlango wa kutokea.

Tambua kwanza tatizo lako

Tuchukue mfano wa karakana ya kushona sare za shule mjini Morogoro, yenye mwenye mali na wasaidizi watatu. Mzazi hufika, mtoto hupimwa, kianzio hulipwa, na tarehe ya kuchukua sare huandikwa. Kila Januari wazazi hurundikana mlangoni, vipimo huchanganyika, na baadhi ya wateja hudai kuwa wamekwisha kulipa.

Mwenye karakana hii hahitaji programu yenye mambo mia. Anahitaji mambo manne: kumpata mteja kwa haraka kwa jina au namba ya simu, kuona vipimo na salio lake, kukumbushwa tarehe ya kukabidhi kazi, na kujua ni msaidizi yupi aliyeandika nini. Tunakushauri uandike mahitaji yako namna hiyo katika nusu ukurasa kabla ya kuzungumza na muuzaji yeyote. Asiye na orodha yake hununua kwa orodha ya muuzaji.

Iwapo wateja wako ni wachache na anayewahudumia ni mtu mmoja, daftari lililopangwa vizuri au jedwali la Excel linaweza kukutosha. Programu haimfundishi kuandika mtu asiyekuwa na mazoea ya kuandika.

Hesabu gharama yote

Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya mtumiaji mmoja kwa mwezi mmoja, nayo hutajwa kwa dola. Tuseme ada ni dola 10 na karakana ina watumiaji wanne. Hiyo ni dola 40 kwa mwezi, yaani dola 480 kwa mwaka. Dola moja ikiwa shilingi 2,500, utalipa shilingi 1,200,000. Dola ikipanda hadi shilingi 2,700, utalipa shilingi 1,296,000. Umeongezewa shilingi 96,000 bila ya kuongeza hata mtumiaji mmoja.

Ongeza juu yake kodi, makato ya kulipia kwa kadi, bando la intaneti, ujumbe mfupi unaotumwa kwa wateja, mafunzo ya wasaidizi, na siku za kazi zitakazotumika kuhamisha kumbukumbu za zamani. Uliza pia kama mkataba hujihuisha wenyewe mwaka unapokwisha. Wapo waliosahau kuusitisha, wakakatwa fedha za programu waliyokwisha kuiacha.

Toleo la bure nalo lichunguzwe. Kwa kawaida lina kikomo cha idadi ya wateja au watumiaji, au huficha nyuma ya malipo jambo lile lile utakalolihitaji biashara ikikua. Jua kikomo hicho kabla hujakifikia.

Chunguza mlango wa kutokea

Kampuni inaweza kufungwa, kuuzwa, kupandisha bei, au kuacha kuhudumia nchi yako. Nawe unaweza kupata programu iliyo bora zaidi. Kwa hiyo hakikisha kwamba unaweza kutoa kumbukumbu zako zote katika faili linalofunguka kwenye Excel, bila ya kuomba ruhusa wala kulipa ada nyingine.

Neno "zote" lizingatiwe. Baadhi ya programu hutoa majina na namba za simu tu, huku maelezo, tarehe na historia ya malipo vikibaki ndani. Kwa karakana yetu, jina bila vipimo na salio halina maana kubwa. Chunguza pia namba zenyewe: faili likifunguliwa kwenye Excel, sifuri ya mwanzo inaweza kupotea, na 0712 ikasomeka 712. Kasoro hiyo hurekebishika ukiiona mapema, lakini huleta usumbufu mkubwa ikigunduliwa baada ya akaunti kufungwa.

Jambo jingine ni jina la mwenye akaunti. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe na namba ya simu ya biashara, si ya msaidizi wala ya fundi aliyekuja kuiweka. Anayeshika akaunti kuu ndiye anayeshika daftari.

Kumbuka kwamba umepewa amana

Namba ya simu aliyokupa mteja ni amana. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aidha, taarifa zikusanywe kwa kusudi halali na lililo wazi, zisizidi mahitaji, na zilindwe. Mteja ana haki ya kujua unachohifadhi juu yake, kutaka kirekebishwe, na kukataa matangazo ya biashara.

Sheria hiyo inazihesabu taarifa za watoto na za miamala ya fedha ya mtu kuwa nyeti, nazo zina masharti mazito zaidi. Karakana ya sare hushika zote mbili. Basi usijaze nafasi kwa sababu tu programu imeiweka. Kama kazi haihitaji tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wala namba ya kitambulisho ya mzazi, acha nafasi hiyo wazi. Taarifa usiyokuwa nayo haiwezi kuibwa kwako. Na kwa kuwa kompyuta za kampuni huenda zipo nje ya nchi, uliza zilipo, kwani kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi nako kuna masharti yake kisheria.

Jaribu kabla ya kulipa

Kampuni nyingi huruhusu muda wa majaribio. Utumie muda huo kwa utaratibu ufuatao:

1. Andika wateja 20 wa kubuni. Usitumie taarifa za wateja halisi katika programu ambayo hujaichagua.
2. Mwandike mmoja mara mbili, kwa 0712 na kwa +255712, uone kama programu itatambua kuwa ni mtu yule yule.
3. Mpe msaidizi asiyezoea kompyuta amtafute mteja mmoja na kutaja salio lake, kwa simu yake ya kila siku na mahali penye mtandao dhaifu.
4. Mwekee msaidizi mipaka, kisha uone kama bado anaweza kupakua orodha nzima.
5. Toa kumbukumbu zote, fungua faili, na ulinganishe na ulichoandika.
6. Futa akaunti ya majaribio, na uone kama inafutika kweli.

Programu ikishindwa hatua ya tatu, wasaidizi watarudi kwenye daftari la zamani ndani ya mwezi mmoja. Ikishindwa hatua ya tano, usiinunue.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Yaulize kwa maandishi, na uhifadhi majibu:

- Gharama yote ya mwaka kwa watumiaji wangu ni kiasi gani, na bei inaweza kubadilika lini?
- Nikisitisha, nitakuwa na siku ngapi za kuchukua kumbukumbu zangu, na nakala mlizonazo zitafutwa lini?
- Kumbukumbu zinahifadhiwa nchi gani, na nani katika kampuni anaweza kuzisoma?
- Zikivuja, mtanijulisha kwa njia gani na baada ya muda gani?
- Nikikwama saa za kazi, nani atanisaidia, na kwa lugha gani?

Muuzaji anayejibu kwa ahadi za mdomo tu amekwisha kukupa jibu.

Zoezi

Chukua daftari lako la wateja leo. Hesabu majina, kisha weka alama kwa wale ambao kumbukumbu zao zimo katika simu ya mtu mmoja tu. Idadi hiyo ndiyo kipimo cha hatari uliyomo sasa. Nakili namba hizo mahali pa pili palipo salama, hata kama hutanunua programu yoyote. Ukiamua kununua, anza na mwezi mmoja badala ya mwaka mzima, na kila mwisho wa mwezi toa nakala ya kumbukumbu zako uihifadhi mwenyewe, palipofungwa. Kwa njia hiyo, lolote litakaloipata programu, wateja wako hawatapotea nayo.