Kuni na Posho: Gharama ya Ukimbizi kwa Wanawake wa Makambi ya Kigoma

Katika mijadala mingi mkimbizi husawiriwa kuwa mpokeaji tu: hupewa hema, hupewa unga, hupewa dawa. Dhana hiyo huificha kazi inayofanywa makambini, ambayo aghalabu ni ya wanawake. Suala la kuni katika makambi ya mkoa wa Kigoma, Tanzania, linalidhihirisha jambo hilo.

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993, Warundi wengi walikimbilia Tanzania. Mwaka 1996 ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Posho ilikuwa hasa mahindi na jamii ya kunde. Maharagwe makavu huhitaji saa kadhaa za moto, lakini moto haukuwamo katika posho. Kuni zilitafutwa porini, nje ya kambi, na kwa desturi mtafutaji alikuwa mwanamke.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, kwa upande wake, inamtaka mkimbizi akae katika eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Hivyo mama aliyefuata kuni za kuivishia chakula alichogawiwa kihalali aliweza kuhesabiwa mkosaji. Akivamiwa huko, kushtaki kulikuwa sawa na kujishtaki. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2000 ilieleza visa vya wanawake wa Kirundi waliobakwa walipokwenda kuokota kuni.

Aliyeliogopa pori aliuza sehemu ya posho ili anunue kuni. Wapo wanaolichukua jambo hili kuwa ushahidi kwamba chakula kilizidi mahitaji. Hoja hiyo haina mashiko: anayeuza unga ili apate moto wa kupikia unga uliobaki hana ziada yoyote, bali anapunguza mlo wa watoto wake. Mjane ndiye aliyebanwa zaidi, maana hakuwa na mtu wa kumwachia watoto wala wa kupokezana naye safari ya porini.

Sokoni nako hakuwa na nguvu ya kupatana bei. Mnunuzi alijua kwamba muuzaji hawezi kuipeleka bidhaa yake mji wa jirani. Lugha pia humtambulisha: mama wa Kivu asemaye *batoto* badala ya *watoto* hujulikana mara tu afunguapo kinywa, ingawa Kiswahili ni lugha yake kama ilivyo ya mnunuzi. Masoko ya makambini yalipofungwa katika miaka ya 2018 na 2019, hata bei hiyo duni ilikosa mahali pa kutajwa.