Namba ya Siri na Mashine Isiyochoka Kuhesabu

Wakazi wa Busia, Malaba na Mutukula wanaoishi kwa biashara ya kuvuka mpaka mara nyingi hulazimika kuwa na laini mbili za simu: moja ya huku Uganda, na nyingine ya upande wa pili. Ndani ya laini hizo mna mtaji wa samaki, wa nyanya, wa nguo, na karo ya watoto. Na kinachozitenga fedha hizo na mkono wa mwizi ni tarakimu nne au tano tu. Somo letu la leo linahusu nguvu ya tarakimu hizo. Tutalieleza kwa zoezi ambalo vijana wanaoanza kujifunza kuandika programu za kompyuta hupewa mapema: kuitafuta namba ya siri kwa kujaribu kila namba inayowezekana.

Tuanze bila kompyuta. Chukueni kufuli la namba lenye pete tatu, kila pete ikiwa na tarakimu kuanzia 0 hadi 9. Aliyesahau namba yake hana haja ya kulivunja. Ataanza na 000, kisha 001, kisha 002. Pete ya mwisho ikimaliza mzunguko, ya katikati husogea hatua moja, na ya mwisho huanza upya. Jumla ni 10 mara 10 mara 10, yaani namba 1,000. Akitumia sekunde tatu kwa kila jaribio, kufuli litafunguka ndani ya dakika 50, hata awe na bahati mbaya kuliko watu wote. Hapo hapana ujanja wala uchawi. Pana subira tu.

Kompyuta hufanya kazi ile ile, ila yenyewe haichoki. Mwanafunzi huiwekea namba aliyoibuni mwenyewe, tuseme 7306, kisha huiamuru hivi: chukua kila tarakimu ya kwanza kutoka 0 hadi 9; ndani yake, chukua kila tarakimu ya pili; ndani yake tena, kila ya tatu; na ndani ya hiyo, kila ya nne. Ziunganishe, uzilinganishe na namba ya siri. Zikilingana, andika jibu na usimame. Ni mizunguko minne, mmoja ndani ya mwenzake, mfano wa pete za kufuli. Katika lugha ya Python, ambayo wanaoanza wengi huipenda kwa kuwa amri zake ni fupi, kazi yote ni kama mistari kumi hivi. Mtu mwenye kufuli la pete nne angeweza kukesha saa 8 na dakika 20. Kompyuta, hata ile kuukuu ya shuleni, huzimaliza namba zote 10,000 kabla jicho halijapepesa.

Basi kwa nini fedha zenu bado zipo? Kwa sababu mlango wa fedha za simu huhesabu makosa. Anayekosea mara chache hufungiwa, na mashine yenye kasi hubaki nje ikiwa na kasi yake. Hata kadi ya simu yenyewe ina ulinzi huo: ukiiwekea namba ya siri, mtu akikosea mara tatu kadi hujifunga na kudai namba nyingine ndefu ya kuifungulia, naye akiikosea hiyo mara kumi, kadi hufa kabisa.

Majaribio matatu kati ya 10,000 ni kidogo mno, lakini hesabu hiyo ni ya mwizi asiyekujua. Aliyetumia mwaka wake wa kuzaliwa amemwachia jirani mwenye macho miaka michache tu ya kubahatisha. Aliyetumia siku na mwezi amezipunguza namba 10,000 zikawa 366. Na 1234 haihitaji mashine yoyote. Aidha, anayetumia namba moja kwa laini zote mbili, akiibiwa ya upande mmoja, ameshaitoa na ya upande wa pili.

Hali ni nyingine kwa faili lililofungwa kwa nywila kisha likanakiliwa na mwizi, kwani huko hakuna anayehesabu makosa. Nywila ya herufi nane ndogo, katika alfabeti ya herufi 26, ina mipangilio zaidi ya bilioni 208; kwa kasi ya majaribio milioni moja kila sekunde, yote huisha kwa saa 58. Ziongezwe herufi nne tu, ziwe 12, na kazi hiyo itadai zaidi ya miaka 3,000. Urefu hushinda alama za ajabu ajabu ambazo mwenyewe huzisahau kesho yake. Marekani ilijifunza jambo hili hadharani: mfumo wa kuficha taarifa uitwao DES, uliochapishwa rasmi mwaka 1977, ulikuwa na ufunguo wa tarakimu 56 za sifuri na moja. Mwaka 1998 taasisi ya Electronic Frontier Foundation iliunda mashine iliyojaribu funguo moja baada ya nyingine, ikaupata uliotakiwa kwa muda usiofika siku tatu.

Wapo wazazi watakaotuuliza kama hatuwafundishi watoto wizi. Sisi twaona mwizi ameshayajua haya. Asiyeyajua ni mwenye mali. Hata hivyo mpaka wa zoezi uwe wazi: jaribuni namba mliyoitunga wenyewe, katika kompyuta mliyoruhusiwa kuitumia. Kuingia kwa makusudi katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini ni kosa kwa sheria ya Uganda ya mwaka 2011, ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018, hata kama hakikuchukuliwa kitu. Kuvuka mpaka hakumwokoi mtu na kosa hilo.

Vijana wenye kompyuta shuleni wafanye nyongeza mbili katika programu yao. Kwanza, waiongezee tarakimu ya tano na wapime muda umeongezeka mara ngapi. Pili, waweke kihesabio kinachoisimamisha baada ya majaribio matatu, kisha waiendeshe tena wakitafuta 7306, waone imefika namba gani.