Maumivu ya Kisogo na Mabega kwa Wanaojitwika Mizigo

Msomaji wa Morogoro ameuliza kwa nini mama yake, ambaye kwa miaka mingi ameteremsha ndizi na mboga kwa kichwa kutoka mashamba ya Uluguru yaliyo juu ya Bigwa hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu, hupata maumivu makali kati ya kisogo na ncha za mabega, maumivu yanayozidi usiku wa siku ya soko, yakatulia akikandwa kwa maji ya moto, kisha yakarudi wiki inayofuata. Anataka kujua pia kama hiyo ni dalili kwamba mifupa ya shingo imekwisha kusagika. Katika hali nyingi za namna hii kinacholalamika si mfupa bali ni msuli, na msuli wenyewe huumia kwa sababu ambayo si ile inayodhaniwa kwanza, yaani uzito uliokaa juu ya utosi.

Msuli huo huitwa trapezi. Ni msuli mpana na bapa, ulio karibu kabisa na ngozi ya mgongo, mmoja kila upande, na miwili ikitazamwa pamoja hufanya umbo la pande nne linaloanzia kisogoni, likatanuka hadi kwenye mabega yote mawili, kisha likachongoka kuelekea chini katikati ya mgongo. Kwa ndani umeshikamana na mfupa wa kisogo, na ukano mgumu unaopita nyuma ya shingo, na vichomozo vya pingili za uti wa mgongo kuanzia ya saba ya shingo, ambayo mtu akiinamisha kichwa huihisi ikijitokeza chini ya kidole, hadi ya kumi na mbili ya kifua, ambako mbavu za mwisho huanzia. Kwa nje hujishikiza kwenye theluthi ya mwisho ya mtulinga, kwenye ncha ya bega, na kwenye tuta la mfupa linalopita nyuma ya kombe la bega, yaani mfupa bapa wa pembetatu unaoteleza juu ya mbavu. Kwa hiyo ni msuli mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa anayeonyesha mahali panapouma hugusa sehemu yake ya juu tu, ilhali sehemu kubwa imelala mgongoni bila kutajwa.

Umuhimu wake unatokana na jinsi bega lilivyoundwa. Mkono wote, pamoja na kombe lake, umeungana na mifupa ya kiwiliwili mahali pamoja tu, kwenye kiungo kidogo ambapo mtulinga hukutana na kidari, na kwingineko kote umening'inizwa na misuli. Trapezi ni mmojawapo wa misuli mikuu inayofanya kazi hiyo, na nyuzi zake zimegawanyika katika makundi matatu: za juu husaidia kuinua bega na kushika shingo, za kati hurudisha kombe nyuma kuelekea uti wa mgongo, na za chini hulivuta chini. Mtu akiinua mkono hadi ukasimama wima juu ya kichwa, mkono huo huzunguka takriban digrii 180, na kati ya hizo 60 hivi hutokana na kombe lenyewe kugeuka, kazi inayofanywa na nyuzi za juu na za chini zikivuta kwa wakati mmoja, zikisaidiwa na msuli mwingine unaotoka kwenye mbavu. Nyuzi za chini zikiwa dhaifu, zile za juu hulazimika kufanya kazi ya wote, na hapo ndipo uchovu huanza.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya zamani vilikuwa vikilieleza kwa urahisi mno. Mwaka 1994 Johnson, Bogduk na wenzao walichapisha uchunguzi wa miili ulioonyesha kwamba nyuzi za juu ni nyembamba na zimelala kimshazari kiasi kwamba haziwezi kuinua bega moja kwa moja, bali huvuta mtulinga ndani na nyuma, hivi kwamba uzito wa mkono husafirishwa kupitia mtulinga hadi kidari badala ya kuitundikia shingo. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba nyuzi hizo hazikuumbwa kwa kunyanyua vitu vizito kwa saa nyingi, na anayezitumikisha hivyo asishangae zikikakamaa.

Mzigo uliokaa vizuri juu ya ngata, kitambaa kile kilichoviringishwa kama pete ili kuulaza mzigo kichwani, hushuka kwa mstari ulionyooka kupitia utosi, pingili saba za shingo, kiuno na miguu, na trapezi haiubebi bali huusawazisha tu kwa marekebisho madogo yasiyokoma. Ndiyo maana wachukuzi wazoefu hutembea huku mikono ikining'inia. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakaonyesha kwamba walimudu mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili bila mwili kutumia nguvu za ziada zinazopimika. Matokeo hayo yametajwa mara nyingi kana kwamba yanathibitisha kuwa kubeba kichwani hakuna madhara, jambo ambalo si sahihi, kwa kuwa kilichopimwa ni hewa ya oksijeni iliyotumika, si hali ya shingo. Isitoshe, asilimia 20 kwa mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12 tu, ilhali ndoo ya lita 20 iliyojaa maji peke yake imekwisha kuvuka kilo 20.

Madhara ya trapezi basi hutafutwa mahali pengine, na mahali pa kwanza ni wakati wa kujitwika. Anayeinua tenga kutoka ardhini akiwa peke yake hulipitisha mbele ya uso na kulipandisha juu ya utosi huku mikono ikiwa juu ya mabega, na katika muda huo mfupi msuli hupokea nguvu kubwa kuliko ya safari nzima. Anayetwishwa na mwenzake huepuka sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Mahali pa pili ni mkono unaoushika mzigo usiokaa sawa. Mkungu wa ndizi una upande mzito na upande mwepesi, hivyo humlazimisha mbebaji kuinua mkono mmoja njia nzima, na msuli uliokazwa bila kuachiliwa hubana mishipa yake ya damu na kuchoka upesi kuliko ule unaokaza na kulegea. Mahali pa tatu ni mteremko wenyewe. Mji wa Morogoro uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachouangalia kina mita 2,138; njia za mashambani hushuka kwa ukali kati ya vimo hivyo viwili, na anayeteremka hupaswa kutazama anapokanyaga bila kuinamisha kichwa, hivyo shingo hukakamaa kwa tahadhari, hasa mvua ikiwa imelainisha udongo. Mahali pa nne husahaulika kabisa, nayo ni kazi inayofuata baada ya soko: jembe la mkono, mbeleko iliyofungwa juu ya bega lilelile kila siku, na kuinama juu ya mafiga.

Mzigo wa begani ni habari nyingine, kwa sababu huo huukandamiza msuli wenyewe. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilipita Morogoro, uliokuwa ukijulikana kwa mji wa Simbamwene ambao mpelelezi Stanley aliuona mwaka 1871, na wapagazi walibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, pembe za ndovu zikilazwa begani. Leo mzega na magunia ya sokoni hukaa palepale. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa ukomo wa mzigo unaobebwa na mwanamume mzima mara kwa mara, na gunia la viazi la kilo 100 linakaribia kuwa maradufu ya kiwango hicho hata kabla halijafungwa lumbesa, yaani kujazwa kupita kipimo chake.

Utunzaji unaofaa hauanzi na kumwambia mama wa mlimani aache kubeba, ushauri ambao ni rahisi kuutoa mjini na hauna maana pale ambapo barabara haifiki shambani. Unaanza na kutwishana na kutuana, kugawa mzigo mmoja mkubwa kuwa miwili pale bodaboda inapoweza kuchukua nusu, kupendelea tenga lililopangwa vitu vizito katikati badala ya mkungu mzima, na kuwa na ngata pana na nene. Kupumzika mara nyingi kwa muda mfupi ni bora kuliko kupumzika mara moja kwa muda mrefu, na wakati wa mapumziko mabega yazungushwe taratibu na kichwa kiegemezwe upande mmoja kisha wa pili bila kukivuta kwa nguvu. Jioni, zoezi moja lina faida kuliko mengine mengi: kusimama mgongo ukigusa ukuta, kuvuta makombe ya mabega nyuma na chini bila kupandisha mabega masikioni, kushikilia kwa sekunde tano, kulegeza, na kurudia mara kumi. Zoezi hilo huamsha nyuzi za kati na za chini, zile zisizouma, ambazo udhaifu wake ndio unaozichosha za juu. Wiki sita ni muda wa haki wa kulipima.

Kukanda kwa maji ya moto na kuchua hutuliza, na hakuna sababu ya kuyadharau, ila maji yasiunguze ngozi na mchuaji asidhani amemaliza kazi kwa kuchua panapouma. Jambo la kukataa ni lile la vinyozi wengine ambao, baada ya kunyoa, hushika kidevu cha mteja na kuizungusha shingo kwa ghafla hadi ilie. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo, na ukuta wake ukichanika, kiharusi kinaweza kufuata. Diklofenaki inayonunuliwa kiholela kwenye maduka ya dawa nayo si ya kumeza kwa wiki na wiki, hasa kwa mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au ugonjwa wa figo.

Kuhusu mifupa, pingili za shingo huchakaa kwa umri kwa watu wengi, wabebaji na wasio wabebaji, na wengi wao hawana maumivu, kwa hiyo picha ya eksirei yenye uchakavu haimalizi mjadala. Dalili zinazotaka hospitali ni ganzi au udhaifu unaoshuka mkononi, miguu kuwa mizito au kushindwa kuzuia mkojo, maumivu yanayoamsha usiku pamoja na kukonda na homa za jioni, ambazo zinaweza kuwa za kifua kikuu cha uti wa mgongo, na shingo kukakamaa ghafla pamoja na homa kali na kichwa kuuma. Maumivu ya bega au shingo yanayokuja na kifua kubana na jasho jembamba yachukuliwe kuwa ya moyo hadi daktari aseme vingine.

Kundi moja la wagonjwa hucheleweshwa mno. Neva inayouamuru msuli wa trapezi, ya kumi na moja kati ya zile zinazotoka kwenye ubongo, hupita kando ya shingo karibu sana na ngozi, palepale ambapo tezi zilizovimba kwa kifua kikuu hukatwa kipande ili zipimwe, au ambapo wembe wa chale hupitishwa. Ikijeruhiwa, bega hushuka, kombe hutokeza, na mkono haupandi kupita usawa wa bega, na mgonjwa huambiwa kuwa ni maumivu ya kidonda yatakayopita. Mwenye dalili hizo baada ya kukatwa shingoni aende Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro mapema na kulitaja jeraha hilo waziwazi, kwa kuwa neva iliyokatika huungika vizuri zaidi katika miezi michache ya mwanzo.