Gitaa la Umeme: Lijaribu Ukiwa Umesimama

Dukani jicho hununua kabla ya sikio. Mtu anaingia, anaona gitaa jekundu lenye pembe mbili, anapewa kiti, anapiga vipande viwili alivyovizoea, analipa. Baada ya wiki mbili, katikati ya mkesha wa kanisani, bega la kushoto linaanza kuwaka moto. Bendi ya dansi inaweza kupanda jukwaani saa tatu usiku na kushuka saa tisa, na muda wote huo gitaa linaning'inia begani. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuomba dukani ni mkanda. Kama hawana, nenda na wako.

Simama, weka gitaa kwenye kimo unachopigia siku zote, kisha ondoa mkono wa kushoto shingoni. Shingo ikizama kuelekea sakafuni, ujue mkono unaotakiwa kutembea kwenye freti utakuwa na kazi ya pili ya kubeba mzigo. Gibson SG inajulikana kwa tabia hiyo: mwili wake ni mwembamba na mwepesi, na kifungo cha mkanda kimewekwa nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Mkanda mpana wa ngozi isiyolainishwa, unaong'ang'ania nguo, hupunguza tatizo. Wa nailoni unaoteleza hulizidisha.

Fender Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, ilitengenezwa na watu waliofikiria mbavu za mpigaji. Mgongo wake umechongwa ubonyee pale unapogusa tumbo, ukingo wa mbele umelazwa pale mkono wa kulia unapopumzika, na pembe yake ya juu ni ndefu, kifungo cha mkanda kikiwa kwenye ncha, ndiyo maana hutulia mwilini. Telecaster iliyoitangulia ni ubao bapa tu. Sauti yake naipenda kuliko zote, lakini mpiga ridhimu anayekwaruza nyuzi usiku kucha ataukuta mstari mwekundu kwenye mkono wake asubuhi. Les Paul ya Gibson, ya mwaka 1952, ina shida nyingine: nyingi hufika kilo 4 na kuzidi, na ina mkato mmoja tu upande wa chini, huku kiungo cha shingo kikiwa kinene. Kwa mpiga solo wa rumba hilo si jambo dogo. Sebene likichanganya, vidole vyake viko juu ya freti ya 12, na anahitaji kufika ya 17 na zaidi bila kukunja kifundo cha mkono. Jaribu hapo hapo dukani. Kama kidole gumba kinagonga mbao, gitaa hilo muachie mpiga kodi za chini.

Flying V na ndugu zake wenye ncha ni magitaa ya kusimama. Ukikaa nayo kitini ni shida kuyaegemeza.

Pima pia urefu wa uzi, kutoka nati ya kichwani hadi kwenye bridji. Fender nyingi zina milimita 648, Gibson nyingi takriban 628. Nyuzi za unene mmoja zikitiuniwa sawa, gitaa refu huzivuta zaidi: zinakuwa ngumu kidogo kidoleni na sauti inang'aa. Mwenye vidole vifupi, au anayependa kukunja nyuzi, atastarehe zaidi na lile fupi.

Sasa sauti. Muuzaji atakueleza sana kuhusu umbo na aina ya mbao. Kwa gitaa lenye mwili mzima usio na tundu, mpe tabasamu na usimuongezee pesa. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huvuruga uga wa sumaku, na umeme unazaliwa ndani ya waya. Haisikilizi hewa kama maikrofoni, ndiyo sababu uzi wa nailoni haisikii kabisa. Pembe za gitaa zinaweza kuwa na umbo lolote, pikapu haina habari nazo. Magitaa yenye uwazi ndani ni suala jingine: sauti yao ni laini na yenye hewa, lakini ukisimama karibu na spika kubwa hupiga mluzi. Gibson ES-335 ya mwaka 1958 iliwekewa gogo la mbao katikati ya mwili ili kuupunguza mluzi huo.

Kinachobadilisha sauti kwa kiasi kikubwa ni mahali pikapu ilipokaa. Karibu na bridji uzi hutikisika kidogo, kwa hiyo sauti ni kali, nyembamba, inayopenya. Upande wa shingo uzi hupepea kwa upana, nayo sauti huwa nene na ya mviringo. Kabla ya kulaumu gitaa, zungusha swichi na usikilize kila nafasi.

Kinachofuata ni idadi ya koili. Pikapu ya koili moja, kama za Stratocaster, ni angavu na hutenganisha nyuzi vizuri, ila huokota mvumo wa umeme wa ukutani, ambao Afrika Mashariki ni wa hezi 50. Taa za tyubu na chaja za simu huuongeza. Seth Lover, fundi wa Gibson, aliutibu katikati ya miaka ya 1950 kwa kuweka koili mbili zenye sumaku zilizogeuziana pande na waya uliounganishwa kinyume: mvumo wa koili moja hufuta wa nyingine, lakini sauti ya nyuzi hujumlishwa. Hiyo ndiyo hambaka. Ina nguvu, ni nene, na huvumilia sauti iliyochafuliwa kwa pedali.

Kwa dansi na benga ningechagua koili moja bila kusita. Sikiliza “Sina Makosa” ya Les Wanyika: solo na ridhimu hazikanyagani. Magitaa mawili yakitumia hambaka za shingoni kwa pamoja, yote yanajazana mahali pamoja na besi, na ukumbi unasikia tope. Solo ikae upande wa bridji, ridhimu ichukue nafasi za katikati. Kwa jazi ya taratibu au roki, hambaka iko nyumbani.

Kabla ya kununua pikapu mpya, chukua bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya uzi na sumaku, anzia milimita 2 kwa uzi mnene na pungufu kidogo kwa mwembamba. Ukiipandisha pikapu, sauti inapata nguvu; ukiishusha, inapumua. Kwa koili moja usizidishe, maana sumaku huuvuta uzi, na noti za juu kwenye uzi mnene zinaanza kuyumba kana kwamba gitaa halijatiuniwa.

Kwa gitaa la mtumba beba mita ya umeme. Chomeka waya, fungua volyumu yote, pima kwenye plagi ya upande wa pili. Koili moja ya kawaida husoma kilo-omu 5 hadi 8, hambaka nyingi 7 hadi 9, nyingine zaidi. Mita isiposoma kama inavyotarajiwa, inawezekana waya wa koili umekatika, au ni swichi tu. Fundi ataamua, ila bei ishuke kwanza. Mvumo ukipungua unapogusa nyuzi, hiyo ni kawaida. Ukiongezeka, ardhi ya gitaa imeunganishwa vibaya. Na ukigusa nyuzi huku mdomo uko kwenye maikrofoni ukahisi umeme unakuchoma, zima kila kitu: soketi ya ukumbi huenda haina waya wa ardhi, na hilo huua.

Ukifikia kubadilisha pikapu, badilisha na potenshiometa zilizo chini ya vitufe vya volyumu na toni. Koili moja huenda na potenshiometa za kilo-omu 250, hambaka na za 500. Ukiweka hambaka kwenye 250 inakuwa butu, na fundi asiyejua atakuambia pikapu uliyonunua ni feki.