MSITU UNAONASA UKUNGU



Karibu na Usenge, ukingoni mwa Ziwa Victoria, maji ya mto Yala hupita katika kinamasi na Ziwa Sare, kisha huingia katika ziwa kubwa. Kaskazini kidogo ndipo mto Nzoia unapoishia. Maji hayo yametoka mbali. Yala hutoka vilima vya Nandi. Nzoia hutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Skimu nyingi za makazi zilizofunguliwa tangu 1962, kama ile ya Lugari, ziko kati ya milima na ziwa. Basi yafaa tujue milima hiyo hupataje maji.

Ukungu hugeukaje kuwa maji?

Jua hugeuza maji ya ziwa kuwa mvuke. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, lakini kilele cha Elgon ni mita 4,321. Hewa ikipanda mlimani hupoa, na mvuke hugeuka matone madogo sana. Hayo ndiyo mawingu na ukungu. Matone hayo ni mepesi mno, hayaanguki kama mvua. Huchukuliwa na upepo mpaka yagonge kitu.

Msitu wa mlimani ndio kitu hicho. Matone hushika majani, matawi, na mimea laini kama sufu inayoota juu ya magome. Hukusanyika, hudondoka chini, na udongo wenye majani yaliyooza huyanyonya. Baadaye maji hutoka polepole katika chemchemi, hata wakati wa kiangazi.

Jaribu wewe mwenyewe. Ukungu ukitanda, tundika blanketi kuukuu juu ya ua. Utaona matone yamejaa katika nyuzi, ingawa mvua haikunyesha. Katika kisiwa cha El Hierro, magharibi ya Afrika, watu wa zamani walipata maji ya kunywa chini ya mti mmoja ulionasa ukungu, mpaka dhoruba ilipouangusha mwaka 1610.

Msitu ukikatwa

Ukungu hupita bila kunaswa. Mvua hupiga udongo mtupu na kuuchukua. Mkulima wa juu hupoteza udongo na chemchemi. Wa chini hupata mafuriko na matope, kisha mto mdogo wakati wa kiangazi. Miti ya tambarare ina faida nyingi, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ile ya mlimani, kwa sababu ukungu ule haufiki huku chini.

Ufanye nini?

1. Panda miti ya kuni katika shamba lako, usitegemee msitu.
2. Usilime mpaka ukingoni mwa mto. Acha miti na majani.
3. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi, kwani hunywa maji mengi.
4. Penye mteremko, chimba matuta ya kukinga maji na upande majani ya Napier juu yake.

Maswali

1. Kwa nini ukungu hauanguki kama mvua?
2. Chemchemi iliyo karibu nawe hutoka mlima gani?