Wasiwasi wa Udhu na Sala: Maradhi Yenye Dawa

Ndugu Waislamu, katika somo letu la leo twataka kuzungumza juu ya jambo linalowatesa watu wengi katika miji yetu, nao hulificha kwa haya, nalo ni wasiwasi. Hatukusudii ile hofu ya kawaida, kama ya mzazi ambaye mwanawe amekawia safarini. Twakusudia ule wasiwasi unaomshika mtu katika tohara na sala yake, asiweze kumaliza wala kutulia.

Alikuwako kijana katika msikiti wetu aliyekuwa akija nusu saa kabla ya adhana, na jamaa ikisimama yeye bado yuko kwenye mfereji. Huosha mkono, akashuku, akauosha tena. Akifika kichwani huukumbuka ule mkono, akaanza upya. Akiingia katika sala huileta takbira ya kwanza mara tano na sita kwa kudhani kwamba nia haikutimia, hata imamu akarukuu naye hajaanza Fatiha. Baadhi yetu tulimsifu kwa uchaji. Wengine walimcheka. Jamaa zake wakampeleka kwa mganga, akaambiwa ana jini. Akafukizwa, akanyweshwa makombe, na fedha zikatoka. Nami niandikaye nilikuwa na kosa langu: kila baada ya sala alinijia kuniuliza kama udhu wake umesihi, nami kwa huruma nikimjibu kila mara. Hata siku moja akaniambia kwamba ameanza kuiogopa adhana.

Yatupasa tulitafakari neno hilo. Mwito wa kheri umekuwa kwake mwito wa adhabu! Basi sote tulikosa: aliyemsifu, aliyemcheka, mganga, na mimi niliyemjibu.

Maradhi haya ni nini

Matabibu wanayajua maradhi haya, na katika hospitali huitwa kwa herufi tatu, OCD. Yana sehemu mbili. Ya kwanza ni fikira inayomwingilia mtu bila ya hiari yake na kumtia dhiki kubwa. Ya pili ni kitendo anachojiona amelazimika kukifanya ili dhiki hiyo imwondoke: kuosha, kurudia, kuhesabu, kukagua kufuli, au kuuliza. Katika kila watu mia, wawili hivi hupatwa nayo katika umri wao, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hayahusu Waislamu peke yao. Hushika kila mtu katika lile analolithamini zaidi. Mwenye kuchunga tohara humwingilia katika tohara, na mama ampendaye mtoto wake huenda akajiwa na fikira mbaya ya kumdhuru, naye hana nia hiyo hata chembe.

Mgonjwa huyu si mwendawazimu. Mara nyingi anajua kwamba mkono umekwisha kutakata, na kujua huko ndiko kunakomzidishia uchungu. Wala asili yake si udhaifu wa imani. Wataalamu wameona kwamba maradhi haya hurithika kwa kiasi fulani katika ukoo, na kwamba zile njia za ubongo zinazompa mtu habari kuwa jambo limekwisha hazifanyi kazi yake sawasawa.

Wanazuoni wetu walisema nini

Sura ya mwisho ya Msahafu yatufundisha kujikinga na shari ya mwenye kutia wasiwasi. Lakini kujikinga si kutii. Masahaba walimshitakia Mtume s.a.w. fikira zilizowajia nafsini mwao, nzito mno hata hawakuthubutu kuzitamka. Naye hakuwalaumu, bali aliwajulisha kwamba kule kuzichukia ni dalili ya imani. Na mtu anaposhuku kuwa udhu wake umetanguka, alifundisha kwamba asitoke katika sala mpaka asikie sauti au aone harufu. Hapo ndipo mafakihi walipoijenga kanuni yao kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Yeye mwenyewe s.a.w. alitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi cha kujaza viganja viwili vilivyokutanishwa, haifiki lita. Basi nani mchaji kuliko yeye, hata amalize pipa?

Abu Zaid al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaupa wasiwasi mlango wake mbali na ghadhabu, hofu na huzuni. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, alitunga risala nzima ya kuwakemea wenye kuufuata wasiwasi. Na Ibn Hajar al-Haitami, imamu mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 1567, alipoulizwa dawa yake alijibu kwamba ni kuupa mgongo kabisa, japo nafsi imejaa shaka.

Matabibu wamegundua nini

Mwaka 1966, huko London, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Victor Meyer alichapisha habari za wagonjwa wawili, mmoja wao hawezi kuacha kuosha na kusafisha. Aliwakurubisha na kile wanachokiogopa, kisha akawazuia wasifanye kile kitendo cha kujiliwaza. Wakapata nafuu kubwa. Njia hiyo imeendelezwa tangu hapo, na hadi leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa maradhi haya.

Siri yake ni hii. Kila mtu anapourudia udhu, dhiki humpungua kwa dakika chache, na nafsi hujifunza kwamba kurudia ndiko kulikomwokoa. Kesho hudai zaidi. Asiporudia, dhiki hupanda, kisha hushuka yenyewe, na nafsi hujifunza kwamba hapakuwa na hatari. Basi wasiwasi hunenepa kwa kutiiwa na hukonda kwa kuachwa. Tazama, msomaji, jinsi maneno ya fakihi na ya tabibu yalivyokutana.

Ziko pia dawa za kumeza, kama fluoksetini, setralini na klomipramini. Hizi hutolewa na daktari tu. Hazifanyi kazi kwa siku mbili. Huhitaji wiki nyingi, pengine 10 hadi 12, kabla ya kuhukumu kama zimefaa. Wengi hupata nafuu kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili, ingawa si kila mtu huponywa kabisa.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, mgonjwa aoshe kila kiungo mara tatu wala asizidishe, afunge mfereji, aondoke na shaka yake. Asingoje moyo utulie ndipo aende. Aende, na moyo utamfuata. Aanze kwa lililo jepesi, kisha apande daraja kwa daraja, na ikiwezekana chini ya uongozi wa mtaalamu.

Pili, mwalimu amjibu mara moja tu. Akirudi na swali lile lile, amwambie kwa upole: "Mwanangu, jawabu umekwisha kulipata, huu ni wasiwasi unaouliza." Na watu wa nyumbani wafanye vivyo hivyo.

Tatu, asichekwe, wala asisifiwe kwa maradhi yake.

Nne, apelekwe kwa daktari wa maradhi ya akili kama apelekwavyo mwenye homa. Kusoma Kurani na kuomba dua ni kheri kubwa, wala hakuzuii kutafuta tiba, kwani Mtume s.a.w. alituamrisha kujitibu. Kuuza dhahabu ya mama ili kumlipa mganga si dini wala si tiba.

Yule kijana alikwenda kwa daktari, nami nikaacha kumjibu. Juma la kwanza alinikasirikia, akaacha hata kunisalimu, na moyo wangu uliniuma. Leo huja baada ya adhana kama wenziwe, akatawadha, akasimama katika safu. Nilipomuuliza kama shaka imemwondoka, alisema: "Haijaondoka yote, Maalim, lakini sasa yanijia nami nasali." Hilo latosha kuwa somo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuponya, naye ndiye atupaye taufiki.